Wanangu mnaoimba na kuigiza, hiyo karatasi ya mkataba mmeisoma?

Wanangu na wajukuu zangu,

Marahaba. Leo nimekasirika, na hasira ya mzee msiseme ni presha imepanda.

Wiki iliyopita nilikaa nje ya ukumbi mmoja Kinondoni nikimsubiri mjukuu wangu amalize mazoezi. Pembeni yangu kijana ameegemea bodaboda. Sauti yake naijua, na sura yake naiona kila jioni kwenye tamthilia. Jamaa wa miwani myeusi akampa simu: "Shuka mpaka chini, weka sahihi hapo." Kidole kikapanda mara nne, kurasa zikapita kama nguzo za umeme ukiwa ndani ya basi, kijana akachora sahihi kwa ukucha. Sekunde kumi hazikufika. Kisha wakapiga selfi. Nikamuuliza, "Mwanangu, umesaini nini?" Akacheka. "Babu, hiyo lebo, kampuni ya kurekodi. Wananipa gari."

Gari! Haya, ngoja niwasimulie gari.

Memphis, kule Tennessee, Marekani, kuna jumba la makumbusho la Stax, kampuni ya kurekodi iliyotulea kimuziki sisi watu wa soul, muziki wa Wamarekani weusi. Ndani yake kuna Cadillac ya mwaka 1972, ya buluu, imenakshiwa kwa dhahabu, viti vya manyoya meupe, televisheni na jokofu humohumo. Mwenyewe alikuwa mwimbaji Isaac Hayes, alilipata kwenye mkataba mpya na kampuni hiyo. Mwaka 1976 akafilisika, madeni zaidi ya dola milioni 6. Nyumba ikaenda, gari likaenda. Hayo ni mali, hutafutwa yakapatikana. Kinachoniuma ni kwamba na haki za mirabaha ya nyimbo alizotunga na kuimba zikaenda. Unakaa kibarazani kwako, wimbo wako unapita redioni, na senti yake inaingia mfuko wa mtu mwingine.

Wala msidhani alikuwa mtu wa kubahatisha. Alizaliwa mwaka 1942, akalelewa na babu na bibi, akachuma pamba. Aliacha shule, akarudi, akamaliza sekondari ana miaka 21. (Mnaosema shule inapoteza muda, rudieni sentensi hiyo.) Akafanya kazi kiwanda cha nyama. Stax aliingia kupiga kinanda, akisaidia kurekodi nyimbo za wengine. Yeye na mtunzi mwenzake David Porter ndio waliowatungia wale waimbaji wawili, Sam & Dave "Soul Man". Mwaka 1969 akatoa Hot Buttered Soul, santuri nzima nyimbo nne, mmoja una zaidi ya dakika 18. Mwaka huohuo hapa Dar es Salaam wakubwa walipiga soul marufuku. Tukaisikiliza kwa sauti ya chini, godoro limeegemezwa mlangoni. Mwaka 1972 wimbo wa filamu ya Shaft ukampa Oscar, Mmarekani mweusi wa kwanza kupata tuzo ya wimbo bora. Bibi yake alikuwamo ukumbini, na pale jukwaani alimshukuru kwa dua zake. Nikifika hapo huwa nanyamaza kidogo.

Turudi kwenye karatasi, maana ndiyo iliyonitoa usingizini. Mwanzilishi wa Stax, Jim Stewart, alikuwa mfanyakazi wa benki. Mtu wa hesabu na mihuri. Mwaka 1965 alitia sahihi mkataba wa usambazaji na kampuni ya Atlantic bila kuupitia sawasawa. Atlantic ilipouzwa, ndipo akagundua kuna kifungu mle ndani: rekodi zote walizosambaza ni mali ya Atlantic. Zote, hata za mwimbaji Otis Redding, marehemu aliyekufa kwa ajali ya ndege Desemba 1967 na asiyeweza kurudi studio kurekodi nyingine. Stax ikabaki na jina na kabati tupu, ikakurupuka kutoa albamu 27 kwa mkupuo ili kujaza kabati. Ile Hot Buttered Soul ya Hayes ilikuwa mojawapo.

Mtu wa benki, wanangu! Sasa wewe wa kidole, unajiamini nini?

Na mkosi haukuishia hapo. Stax ikashindwa kumlipa Hayes mwenyewe. Mwaka 1974 akaishtaki, anadai dola milioni 5.3. Wakasuluhishwa: yeye afunguliwe kutoka kwenye mkataba, lakini mapato yake yachukuliwe na benki kufidia madeni. Punda amefunguliwa mkokoteni, kamba ya shingoni imebaki.

Mimi mwenyewe sina mdomo mrefu. Mwaka 1978 bendi yetu ilirekodi nyimbo nne mahali ambapo sitapataja. Tukapewa nauli na karatasi. Nikadhani ni risiti ya nauli. Hadi leo mmoja wa nyimbo hizo ukipigwa harusini, wajukuu hunikonyeza nami hujifanya natafuta soda.

Kuhusu kuigiza sina mengi. Hayes alikubali kutengeneza muziki wa Shaft kwa ahadi kwamba atajaribiwa kwenye nafasi ya mhusika mkuu. Kumbe mwigizaji Richard Roundtree ameshachukuliwa. Ahadi ya mdomo hiyo. Hakununa. Mwaka 1974 akacheza mwenyewe mhusika mkuu katika filamu ya Truck Turner, 1981 akawa mbabe wa filamu ya Escape from New York, na kuanzia 1997 watoto wasiowahi kuiona santuri yake wakamjua kwa sauti ya Chef, mpishi wa katuni ya South Park. Konde la kwanza liliporwa, akalima la pili.

Mengine nayataja tu. Msimdharau mpiga besi. Msikope kwa ajili ya nguo za jukwaani. Deni lako mkeo alisikie kwako, si kwa dalali. Laleni.

Na sisi jamii tusijifiche nyuma ya ujinga wa vijana. Baa inapiga wimbo wa mtu kutwa. Mwenye baa analipia umeme, analipia bia, lakini wimbo anaona umeota kama nyasi. Sheria ya hakimiliki ya sasa tunayo tangu 1999, ila mtajie COSOTA, ile taasisi ya hakimiliki Tanzania, uone anavyokukodolea. Msanii akishalazwa Muhimbili ndipo tunafungua kundi la michango, tunaweka picha yake ya ujanani, tunaandika "legendi". Mirabaha ya mwaka mmoja ingemtibu bila kumdhalilisha. Na nyie mameneja mnaojiita walezi, mlezi gani anamharakisha mtoto asisome?

Wewe kijana wa bodaboda, kama barua hii imekufikia, mwambie huyo jamaa akupe nakala. Ni haki yako, asikuzungushe. Ichapishe kwenye karatasi, herufi kubwa, macho yangu yamechoka. Mjukuu wangu anafanya mazoezi palepale kila Jumamosi baada ya alasiri, nami nakuwa kwenye benchi lilelile. Nitamleta rafiki yangu mmoja, wakili mstaafu, mkali kidogo lakini kahawa humlainisha. Tutaanzia ukurasa wa kwanza.

Babu yenu.