Barua ya wazi kwa msimamizi wa barabara na machimbo: tuondoe barabarani

Mheshimiwa,

YAH: OMBI LA KUTUMIA MACHIMBO YA KOKOTO YALIYOACHWA

Nianze kwa kukiri kosa langu. Mimi ni dereva wa rali wa ngazi ya chini kabisa, na kwa kukosa pa kujifunzia nimekuwa nikifanya mazoezi alfajiri kwenye barabara za changarawe ambazo wewe unazisimamia. Siku moja niliikata kona ya kushoto vizuri mno, mkia wa gari ukafagia nje kisha ukarudi wenyewe, nikajipongeza. Niliposimama ili nigeuze, vumbi langu lilikuwa bado limetanda. Ndani yake akatokea mtu juu ya baiskeli. Hakunitukana. Alifuta macho kwa mkono wa shati, akanitazama, akaenda zake. Afadhali angenitukana.

Utaniuliza kwa nini tusijifunzie kwenye lami. Kwa sababu lami hufundisha mengine. Tairi likishika lami limeshika, ila kwenye changarawe unaendesha juu ya vitu vinavyobiringika. Hata breki hubadilika tabia: zile za kisasa zinazozuia magurudumu kujifunga, ambazo kwenye lami huokoa watu, kwenye kokoto zilizolegea mara nyingi hurefusha mwendo wa kusimama, maana gurudumu lililojifunga husukuma kokoto na kujijengea kituta cha kulizuia mbele yake. Jambo hilo ukisomewa darasani unaitikia tu. Mguu hauliamini mpaka ulionje mara ishirini, mahali ambapo ukikosea unaishia kwenye tuta la mchanga. Wala hatuhitaji kasi ya kutisha, kilomita 40 kwa saa zinatosha kumfundisha mtu kwamba breki hukanyagwa kabla ya kona, uzito uhamie magurudumu ya mbele, ndipo usukani usikilize.

Sifichi kwamba mchezo huu umeua. Machi 1986, huko Ureno, gari la rali liliacha njia likaingia kwenye umati uliokuwa umebana barabara. Mwezi Mei mwaka huohuo dereva Henri Toivonen na msoma noti wake (anayekaa kando ya dereva na kumsomea kona zinazokuja), Sergio Cresto, wakafia mbioni kisiwani Corsica, na magari ya Kundi B, yale ya rali yenye nguvu kupita yote, yakapigwa marufuku kwa msimu uliofuata. Ndiyo maana katika ombi langu watazamaji hawamo kabisa. Lango lifungwe, liingie gari moja kwa wakati mmoja, na la pili lingoje mpaka vumbi litue.

Wenzetu wa Uswidi na Ufini wanawaruhusu hata vijana wa miaka 15 washindane kwenye viwanja vifupi vya changarawe, kwa magari makuukuu. Wana kanuni moja inayonifurahisha: mbio zikiisha, gari lako linaweza kununuliwa kwa bei iliyopangwa na huna ruhusa ya kukataa. Nani atamwaga fedha kwenye injini ya gari atakalonyang'anywa jioni? Hata mwenye mfuko mwembamba anapata nafasi.

Ninachoomba ni machimbo yaliyoachwa, siku moja kwa mwezi, mchana, tuondoke kabla kelele hazijawakera majirani. Najua si kapeti. Kokoto za machimboni zina ncha na hupasua ubavu wa tairi, na kingo zake zinabomoka, kwa hiyo njia yetu itapita mbali nazo, na mashimo yenye maji yazungushiwe uzio kwanza. Gharama ya greda ni yetu, na ya maji ya kutuliza vumbi pia. Helmeti, mkanda, mtungi wa kuzimia moto na mtu wa huduma ya kwanza: kimoja kikikosekana, injini haiwashwi. Bima ya kawaida ya gari haigusi mambo haya, hivyo tutakata yetu.

Haya yote niliyapeleka kwenye dirisha la ofisi moja nikaambiwa hakuna fomu yake. Nikauliza kama naweza kuandika barua. Ndiyo hii.

Ukikubali, karibu siku ya kwanza. Kiti cha msoma noti kitakuwa wazi, na helmeti ya akiba ninayo.

Wako,
Dereva wa alfajiri, ambaye angependa kulala