Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Bodi ya redio yetu: tutajie aliyeweka fedha

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Salaam, na pole na majukumu. Nimekuandikia barua pepe, nimejaza fomu ya maoni, nimeacha ujumbe kwa katibu wako, na kila mara nimejibiwa kwa shukrani zile zile. Sasa naandika hadharani, na kwa Kiswahili, kwa sababu waliopokonywa kitu Jumapili iliyopita ni sisi wa lugha hii. Nina hakika ofisini kwako hakosekani wa kukusomea.

Saa kumi alasiri tuliwasha redio kama kawaida. Kipindi chetu cha wahamiaji hakikuwepo. Hakukuwa na tangazo wala kwaheri. Palikuwa na watu wawili Washington wakichambua kura za maoni za jimbo ambalo hata si letu, na kila baada ya muda sauti iliyorekodiwa ikitaja jina la stesheni kana kwamba hao wawili wamekaa hapa mjini. Kesho yake tukasikia kwamba mtangazaji wetu alipewa barua Ijumaa jioni na kuambiwa aache kitambulisho mapokezi. Meneja aliyeisaini bado ni mgeni, wengi wetu hatujawahi hata kumsikia sauti.

Huenda kwenye hesabu zenu ile ilikuwa saa moja isiyoingiza kitu. Naomba nikueleze ilikuwa nini kwetu. Jirani yangu mmoja, Mkongo, alihama nyumba akajaza fomu ya AR-11 ya kuijulisha idara ya uhamiaji anwani mpya ndani ya siku 10 kama sheria inavyotaka, akalala akijua amemaliza. Ni mwanasheria wa kipindi kile aliyeeleza, taratibu, kwa Kiswahili, kwamba idara ya uhamiaji ni idara na mahakama ya uhamiaji ni mahakama. Kwamba mahakama ina fomu yake, EOIR-33, nayo unapewa siku 5 za kazi. Na kwamba usipoipeleka, barua ya tarehe ya kesi itakwenda kwenye mlango uliouhama na hakimu anaweza kukuamuru uondoke nchini bila wewe kuwepo. Jirani yangu aliisikia hiyo akiwa jikoni, akazima jiko, akaja kunigongea tutafute fomu. Mheshimiwa, hao wachambuzi wa kura za maoni watamwambia nini mtu kama yule?

Mimi nahudumia wazee, zamu ya usiku. Nageuza watu vitandani, nabadilisha mashuka, narudi nyumbani mgongo umekufa ganzi, halafu namwandaa mtoto aende shule. Kodi imepanda, bima imepanda, na nyumbani Tanga wananitegemea. Katika hela hiyo hiyo, kila mwezi stesheni yako inakata mchango wangu kwenye kadi. Sijawahi kuusimamisha, hata mwezi nilioombwa kusubiri mshahara. Nilitoa kwa sababu mlituambia, wiki za michango, kwamba redio hii haina mwenyewe ila wasikilizaji. Na wewe mwenyewe, kwenye kikao cha ukumbini, ulisimama ukaahidi mambo mawili: hakuna kipindi cha jamii kitakachoguswa bila wasikilizaji kuulizwa, na mfadhili yeyote mkubwa atatajwa hewani kwa jina. Tulikupigia makofi.

Najua hali ni ngumu. Julai 2025 Bunge la Marekani lilifuta dola bilioni 1.1 za utangazaji wa umma, na shirika lililokuwa likizigawa likatangaza mwezi uliofuata kwamba linafunga kazi. Sikulaumu kwa kutafuta fedha. Ninachouliza ni zimetoka wapi, maana tangu ziingie hizi mpya kila kitu kinakwenda mbio. Meneja amebadilishwa, sauti za hapa zimepungua, habari za uchaguzi zimejaa asubuhi mpaka usiku. Watu wanasema ni matajiri wa chama. Wengine wanasema ni kampeni inayojiandaa mapema, na meneja ameletwa na wao. Mimi nadhani aliyetoa fedha alitoa na orodha ya masharti, na sisi tulikuwa mstari wa kwanza. Kama nimekosea, ni rahisi kunisahihisha: taja jina. Siri ya mtungi aijuaye kata, na hapa mwenye kata ni wewe.

Hili limeshatokea kwa wakubwa kuliko sisi. Air America, mtandao wa redio wa hapa Marekani, ilianza 31 Machi 2004 ili mrengo wa kushoto nao uwe na redio ya mazungumzo ya kushindana na watangazaji wa mrengo wa kulia wakina Rush Limbaugh. Ilisemekana ina dola milioni 30; ikaja kujulikana zilikuwa kama milioni 6. Wiki mbili tu baadaye, mwenye stesheni zilizorusha vipindi vyake Chicago na Los Angeles akaikatia matangazo akidai hundi imerudi benki. Mwaka uliofuata ikafichuka kwamba dola 875,000 zilikopwa kutoka Gloria Wise, klabu ya watoto na wazee huko Bronx. Watoto na wazee! Mimi ninayewaosha wazee kila usiku nilipoisoma hiyo nilishindwa kuendelea. Oktoba 2006 wakaomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi, 2007 wakanunuliwa kwa dola milioni 4.25, wakubwa wakabadilishwa tena na tena, na Januari 2010 wakazima. Ndiyo, kulikuwa na kampuni zilizokataa kuwapa matangazo ya biashara kwa ajili ya siasa zao. Lakini msikilizaji aliyewapenda alikuwa wa mwisho kujua fedha ilikuwa wapi na nani anaamua.

Na redio ya WBAI ya New York, 7 Oktoba 2019: wafanyakazi wakaachishwa kazi, vipindi vya mji vikaondolewa, vikawekwa vya kutoka kwingine, kwa maelezo kwamba stesheni inakula hasara. Wasikilizaji na wafanyakazi wakaenda mahakamani na mwezi uliofuata redio ikarudi mikononi mwa wenyeji. Kule Madison, Wisconsin, mwaka 2006, kampuni ya redio ya Clear Channel ilipotangaza kuigeuza stesheni ya mazungumzo kuwa ya michezo, watu walikusanyika na kupiga kelele mpaka uamuzi ukafutwa. Kwa hiyo usiambiwe na mtu kwamba uamuzi ukishatoka haurudi.

Mtasema fomu 990, ile taarifa ya fedha ya kila mwaka ya mashirika yasiyo ya faida, ipo, yeyote aisome. Nimeisoma. Nakala wanayoonyeshwa wananchi inaonyesha jumla zilizoingia na mishahara ya wakubwa, ila majina ya wafadhili hayalazimiki kuwemo. Sheria ya mawasiliano ya nchi hii, kifungu cha 317, inataka msikilizaji aambiwe kipindi kimelipiwa na nani. Je, zile saa za Washington zimelipiwa? Kama zimelipiwa, mbona hatusikii jina? Na kama hazijalipiwa, kwa nini zimekaa pale tulipokuwa sisi?

Nilitaka kuomba mengi. Nilitaka kuomba mtangazaji arudishwe kazini, meneja aje ukumbini ajieleze, hesabu zisomwe zote, saa yetu irudi Jumapili hii hii. Yote hayo bado nayataka, na saa yetu naitaka zaidi, kwa sababu barua za mahakama hazisimami kungoja bodi ikutane. Lakini nimeona ukipewa mengi unajibu lile jepesi na kuliacha lililo zito. Kwa hiyo naomba moja.

Mkutano wa bodi ujao uko wazi kwa wachangiaji, ndivyo katiba yenu inavyosema. Nitakuja nikitoka zamu, na sitakuja peke yangu. Tuambie mbele ya kipaza sauti, hewani, kwa jina: nani ameweka fedha hii, na alipoiweka aliomba nini? Anza na hilo, Mheshimiwa, kabla ya ajenda nyingine yoyote.

Ni mimi, msikilizaji wako na mchangiaji wa kila mwezi.