Mechi mfukoni mwa mzee

Dar es Salaam,
Jumapili usiku

Ndugu yangu Zuhura,

Habari za Tanga? Huku hatujambo. Mama anakusalimu na anadai machungwa yake ya Muheza.

Wiki hii nimepata aibu. Ile hadithi ya Kiingereza niliyokuwa naitafsiri imerudi na mstari mmoja umezungushiwa wino mwekundu: "Mzee akachomoa mechi mfukoni." Cheka tu, hata mimi nimecheka. Usingizi ulishanishika, jicho likaona match, mkono ukaandika mechi. Kumbe mzee wa watu alikuwa na njiti ya kiberiti!

Ikabidi nichimbe. Miaka yote nilidhani ni neno moja lenye maana mbili, kumbe ni mawili yasiyo na udugu, yamefanana sauti tu. La mpira limetoka kwenye Kiingereza cha kale, gemæcca: mwenza, mtu wa jozi yako, hata mke au mume. Ndiyo maana Mwingereza analitumia kwa ndoa, kwa soksi zinazolingana, na kwa timu mbili zinazokabiliana. Kwa hesabu hiyo Simba na Yanga ni wenza. Usimwambie kaka yako.

Hili la moto limetoka kwa Wafaransa, na mwanzoni lilikuwa utambi wa taa. Likahamia kwenye kamba ya kulipulia bunduki za zamani, ile ambayo wazee wetu waliiita mrao, na kwenye vijiti vilivyochovywa salfa, ambavyo ulivigusisha kwenye kaa ndipo vishike moto. Njiti za kukwaruza zilichelewa: John Walker, muuza dawa wa Stockton-on-Tees huko Uingereza, alianza kuziuza mwaka 1827. Unaibana njiti kwenye msasa uliokunjwa, unaivuta, inawaka.

Sisi mechi ya uwanjani tukaichukua, ya moto tukamwachia mwenyewe, maana Mwarabu alishatupa kiberiti. Na kwake neno hilo ni salfa! Sasa ndiyo naelewa kwa nini salfa ya kutibu ngozi iliitwa kiberiti upele. Nilikuwa naona kama jina la matani.

Umeme umekatika tangu magharibi, naandika kwa mshumaa. Kiberiti kimeingia unyevu, nimemaliza njiti sita ndipo moja ikakubali. Mstari nimeurekebisha: "Mzee akatoa kiberiti, akachomoa njiti."

Machungwa usisahau.

Wako,
Rehema