Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: mwaka wa kiko cha gunzi

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wapenda viko, wakubwa kwa wadogo, salamu kwenu wote. Katiba inataka mwenyekiti alete taarifa kabla ya mkutano mkuu na katibu keshanikumbusha mpaka nimeona haya, basi hii hapa, isomeni mapema, sio mtu anafika ukumbini ndo anauliza mwenyekiti kasemaje.

Ya haraka kwanza. Hesabu ataleta mweka hazina mwenyewe na vitabu vyake, mimi nasema tu hatudaiwi na mtu. Ada bado kuna wanaochelewesha, wanajijua. Na lile la umri halijabadilika, chini ya miaka 18 hatupokei hata mtu akija na baba yake, na wale wanachama wetu waliokatazwa moshi na daktari, au walioacha wenyewe, wamebaki na kukusanya viko tu, hao ni wanachama kamili na kura yao ni kura. Moshi ni moshi, kiko hakigeuzi tumbaku ikawa dawa, tusidanganyane.

Sasa nije kwenye jambo lililotukalisha vikao virefu mwaka huu kuliko lingine lolote, kiko cha gunzi la mahindi. Wanachama wapya karibu wote wameingia na gunzi mkononi, na wazee wetu wa brayari, yaani viko vya mti wa mzizi, wakaanza kucheka, oh hicho kiko cha katuni, hicho cha Popeye, na mwingine (simtaji, yupo anasoma hapa) akasema ni kiko cha mtu anayesubiri kununua kiko. Mimi nina brayari zangu na nazipenda, ila kwenye hili niko upande wa gunzi, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza hiki sio kitu cha juzi. Mji wa Washington ulioko jimbo la Missouri, Marekani, wanavitengeneza tangu 1869. Fundi mmoja mhamiaji kutoka Uholanzi, Henry Tibbe, alikuwa na mashine yake ya kukereza mbao, akaja mkulima akamwomba amkerezee kiko kutoka kwenye gunzi, kikatoka kizuri, Tibbe akatengeneza vingine akaviweka dukani vikaisha, na biashara ya mbao ikaanza kusogezwa pembeni. Mwaka 1878 akapata hataza ya njia ya kupaka plasta ya jasi nje ya gunzi ili vile vitundu vyake vizibike, uso uwe laini na moto usitoboe haraka. Kampuni ikaja kuitwa Missouri Meerschaum mwaka 1907 na ipo mpaka leo. Na yule jenerali MacArthur wa Marekani mnayemuona kwenye picha za Agosti 1945 anashuka kwenye ndege Atsugi, Japani, miwani ya jua usoni na kiko mdomoni, kile ni gunzi. Mtu wa cheo kile angeweza kuvuta chochote anachotaka duniani, akachagua gunzi, basi mtu asituambie ni kiko cha kusubiria.

Halafu watu wanadhani ni gunzi lolote lililookotwa shambani. Sio. Mahindi yenyewe ni mbegu maalum, ile iliyoboreshwa na Chuo Kikuu cha Missouri ili gunzi liwe nene na gumu, maana mahindi ya kawaida ya siku hizi yamezalishwa punje iwe kubwa na gunzi liwe jembamba, kwa mkulima safi, kwa mtengeneza viko hasara. Yakishapukuchwa magunzi yanaachwa yakauke miaka kama miwili ndo yakatwe, yatobolewe, yapakwe plasta, yasuguliwe na kupakwa vanishi. Kwa hiyo kuwa rahisi kwake sio uzembe wa kazi, ni kwamba mali ghafi inaota kwenye mwaka mmoja wakati brayari inatoka kwenye uvimbe wa mzizi uliokaa ardhini miongo.

Na uvutaji wake, jamani. Gunzi ni jepesi, unaling'ata kwa meno huku mikono inafanya kazi nyingine na taya haichoki. Linafyonza unyevu lenyewe kwa hiyo moshi unakuja mkavu, na halihitaji ile shughuli ya kulizoesha moto polepole kama brayari mpya, unajaza unawasha unavuta siku hiyohiyo unaambulia ladha. Ukiwa na tumbaku yenye manukato makali unalitengea gunzi lake, lingine la tumbaku ya kawaida, harufu hazigombani na hujafilisika. Linaungua lini? Mara nyingi ukivuta kwa pupa, au ukikwangua ndani mpaka umekula gunzi lenyewe. Acha ukoko mwembamba tu wa masizi ndani, na maji usiliguse nayo.

Lakini sasa tuseme ukweli, na hapa ndo kiini cha taarifa yangu. Tatizo la gunzi halijawahi kuwa gunzi. Tatizo ni mrija, kile kipande unachoshika mdomoni.

Kwenye kikao kimoja tulivizungusha viko vyetu mezani mkono kwa mkono tukavitazama kwa tochi ya simu. Vichwa vizima, vimeiva rangi ya asali vizuri kabisa, ila mirija hali mbaya, ya plastiki laini imetafunwa mpaka alama za meno juu na chini zinakaribia kukutana, mmoja ulimi wake, ile ncha inayoingia kwenye kiko, unacheza ndani ya shingo ya kiko, ukikiinua kiko kichwa kinabaki mezani, mwingine ukiupuliza unasikia maji yanachemka. Mwenye kiko analaumu gunzi! Kumbe ile mirija ya kiwandani mingi imetobolewa kupokea filta ya karatasi ya milimita 6, usipoweka filta inabaki nafasi tupu, moshi ukifika pale unapoa unageuka maji, ndo hayo yanayokoroma. Ama uweke filta na uibadilishe, ama utafute mrija uliotobolewa tundu dogo moja kwa moja. Ugomvi wa filta na bila filta sitaufungua tena hapa, uliisha saa tano usiku na hakuna aliyeshinda.

Nilichojifunza kwa mafundi wetu mwaka huu ni kwamba gunzi lilelile ukilibadilisha mrija unapata kiko kingine. Mrija wa ebonaiti, ile raba ngumu, ni laini kwa meno, mtamu kuung'ata, ila ukiuacha juani unachujuka rangi unakuwa kijanikijani na ladha ya raba inakuja. Wa akriliki, plastiki ngumu, haubadiliki rangi, unang'aa miaka, ila ni mgumu, mwenye meno yenye shida atalalamika. Uliopinda unaning'inia vizuri mdomoni, ulionyooka unapitisha kijiti cha kusafishia mpaka mwisho bila kukwama. Mrefu unampa moshi nafasi ya kupoa. Mimi ulionyooka, mniache.

Mafunzo ya matunzo yalihudhuriwa vizuri, na kwa waliokosa nirudie machache maana ndo yanayoua viko. Usichomoe mrija kiko kikiwa cha moto, shingo ya mti imevimba, utaipasua, subiri kipoe halafu zungusha taratibu ukivuta, upande mmoja tu siku zote. Ukilegea paka nta ya nyuki kidogo kwenye ulimi, usifunge karatasi wala uzi. Ukikaza mno usilazimishe, kiache wazi kikauke mpaka kesho. Na mnaopinda mirija kwa maji ya moto, tangulizeni kijiti cha kusafishia ndani la sivyo tundu linajibana, yule aliyeleta mrija wake kikaoni umezibika kabisa anajua ninachosema.

La kusikitisha, ule mzigo wa mirija tulioagiza kwa pamoja ulikuja haufanani, baadhi ulimi mwembamba hauingii popote ukakaa, na muuzaji alitujibu mara moja akanyamaza. Tumekubaliana kwenye kamati kwamba kuanzia sasa tunaagiza mmojammoja wa kujaribu kwanza, tunapima, ndo tunaagiza mzigo. Ile iliyoharibika fundi wetu amepunguza na kusugua mingine ikafaa, iliyobaki iko kwenye boksi la chama, ukitaka ya kujifunzia kukereza njoo uchukue.

Kwa hiyo pendekezo la kamati, na hili litapigiwa kura: ile fedha iliyotengwa kununua kiko kimoja cha brayari cha maonyesho tuielekeze kwenye mirija mizuri ya gunzi, ya ebonaiti na ya akriliki, minene na myembamba, ikae kwenye boksi, mwanachama aje na gunzi lake ajaribu mdomoni (kwa kifuniko cha plastiki, tafadhali) kabla ya kununua. Najua wapo watakaopinga, wanasema chama kinahitaji kitu cha kuvutia macho kwenye kabati. Kabati lenyewe halina ufunguo tangu mwaka juzi.

Nafasi ya mtunza boksi iko wazi kwa sababu aliyekuwepo anahama. Anayeitaka ampe katibu jina kabla ya mkutano, na mkija kila mtu aje na kiko chake kikiwa kimesafishwa na mrija umechomolewa, tutapima unene wa ndimi zote za mirija kwa kalipa ili tujue saizi gani tuagize.

Wenu, mwenyekiti.