Barua kwa mwanangu: kabla hujamlipa fundi, fungua hilo kava la betri mwenyewe

Mwanangu,

Marahaba. Meseji yako nimeisoma, eti fundi anataka abadilishe betri, stata na rekitifaya (kile kidude kinachorekebisha umeme wa kuchaji betri) vyote kwa mkupuo kisa asubuhi pikipiki inalia tk tk tk haiwaki. Huyo anabahatisha kwa hela yako, mama. Na hiyo baridi ya Njombe mwezi wa 7, betri iliyochoka lazima iumbuke asubuhi, baridi inaipunguza nguvu na oili nayo inakuwa nzito, ndo maana mchana unaiona iko fresh kabisa.

Azima mita ya kupimia umeme kwa fundi redio, iweke kwenye volti DC 20. Pikipiki ikiwa imelala usiku kucha pima betri, ikisoma 12.6 kwenda juu imejaa, ikiwa 12 hiyo ni karibu tupu, kachaji kwanza ndo uje uendelee. Ikishajaa bonyeza stata huku unaangalia namba, ikidondoka chini ya 9.6 basi betri imeisha, hakuna mjadala. Ila usiishie hapo!! Piga kiki, ikiwaka vuta mafuta kidogo, namba inatakiwa ipande kati ya 13.5 na 14.5. Isipopanda maana yake chaji haifiki, ikipita 15 rekitifaya inaichemsha betri, na hapo hata ununue mpya leo nayo utaizika.

Ukienda dukani beba ya zamani. Volti 12 zote ni 12, we angalia Ah (ukubwa wa chaji inayobeba) ziwe zilezile, umbo lilelile, na upande wa chanya uwe uleule maana ukiwa kinyume waya haufiki na vijana wataanza kuuvuta kwa nguvu. Chukua ile iliyozibwa isiyoongezwa maji. Ukikuta ya maji tu, wakishaijaza asidi iache itulie halafu ichajiwe polepole, ya Ah 7 kwa ampia 0.7 hivi, wasikuharakishe. Na ule mpira wake wa kupumulia uelekeze chini mbali na cheni, usibanwe na kava.

Kufunga sasa. Zima swichi, toa ufunguo. Spana namba 10 au bisibisi ya nyota, na unaanza na HASI, kwenye hizi za Kichina na Honda ni waya wa kijani, mwekundu ndo chanya. Kwa nini hasi kwanza, kwa sababu fremu yote imeungwa na hasi, ukianza na mwekundu spana ikagusa chuma cheche zitaruka hapohapo na ngozi ya mkono inaungua kweli. Kurudisha ni kinyume, mwekundu kwanza, hasi mwisho. Ule unga mweupe kwenye vichwa vya waya usugue na mswaki wa zamani na maji ya uvuguvugu, ukauke, funga, paka grisi kidogo kwa juu.

Kuna kitu kitakukera, ile nati ndogo ya mraba ndani ya teminali inazama chini, skrubu inazunguka tu haishiki. Wengi hapo wanatupa spana. We kata kipande cha mpira wa tyubu kisukumize chini ya nati, itapanda yenyewe usawa wa tundu.

Betri ya zamani usiiache uani, ndani ni risasi (ile metali nzito yenye sumu) na asidi na hapo kuna watoto. Watu wa mtaa wa Owino Uhuru kule Mombasa waliumizwa na risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, mahakama mwaka 2020 ikaamua walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, kesi ikaenda tena mpaka juu. Rudisha dukani, wengi wanakupunguzia bei ya mpya.

Mama yako anasema viazi umtumie vya mbegu, vya kula anavyo. Ukishafunga nipigie injini ikiwa inaunguruma unisomee hiyo namba ya mita.

Baba