Kabla ya kuiita Shangi: jinsi tunavyopima aina ya viazi mbegu

Swali tunaloulizwa sana na wakulima wa Molo na Mau Narok, nchini Kenya, ni hili: mbona nilinunua mbegu ya viazi aina ya Shangi, jirani naye akanunua Shangi, na mashamba hayafanani? Mara nyingi jibu ni kwamba mmoja wenu hakuuziwa Shangi. Sokoni, kiazi chochote cheupe hupewa jina linalouzika.

Kosa hilo lina gharama. Shangi huchipua mapema sana baada ya kuvunwa, kwa hiyo aliyepanga kuweka viazi ghalani akingoja bei ipande ataumia. Naye anayelimia kiwanda cha krispi hulima aina aliyoagizwa, si nyingine.

Ngozi, macho na maua husaidia kutambua aina, ila udongo na hali ya hewa huvibadilisha kidogo. DNA, yaani maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya kila mmea, haibadilishwi na mbolea. Huandikwa kwa herufi nne: A, C, G na T. Ndani yake kuna sehemu ambapo herufi chache hujirudia, kwa mfano GAGAGA, na idadi ya marudio hutofautiana kati ya aina na aina. Maabara hunakili sehemu hizo, hupima urefu wake, kisha hulinganisha na sampuli ya aina inayojulikana. Kila sehemu ya namna hiyo huitwa alama. Kiazi kina nakala nne za kila kromosomu (uzi unaobeba DNA), kwa hiyo alama moja tu yaweza kutoa hadi vipimo vinne tofauti. Ndiyo maana alama chache zikitumiwa pamoja hutosha kutenganisha aina nyingi.

Sisi hatuna mashine hizo. Kazi yetu ni kuchuma majani machanga, kuyakausha vizuri na kuyafikisha maabara. Kila mmea huwa na bahasha yake. Ukichanganya majani ya mimea mitano, majibu yatakuwa vurugu. Na jani moja haliwezi kuliwakilisha shamba zima, hivyo tunachuma sehemu mbalimbali.

Tuseme wazi: kipimo hiki hakionyeshi kama mbegu ni nzima. Shangi halisi yaweza kuwa na mnyauko wa bakteria, na huo una vipimo vyake. Kama unalima magunia machache ya kula nyumbani, usitumie pesa zako hapa. Nunua tu mbegu yenye lebo ya KEPHIS, shirika la serikali ya Kenya linalokagua afya ya mimea na mbegu. Anayezalisha mbegu ya kuuza ndiye tunayemshauri apime.

Tuite mimea ikiwa bado kijani. Ikishakauka, tutasubiri viazi vichipue, tupime machipukizi.