Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: kikundi chetu cha kusoma maadili na mafundisho ya Budha

Wazee wangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo, na Asalaam aleykum na Bwana asifiwe vilevile maana humu tupo wa kila dini na ndo raha yetu.

Mwaka jana kwenye mkutano kama huu mlisema wazi kikundi kimepoa, watu wanakuja, mtu mmoja anaongea saa nzima, wengine wanapiga miayo, tunakunywa chai tunatawanyika. Mlisema kweli. Dhammapada, kile kitabu cha beti za mafundisho ya Budha, ina sura 26 na beti 423, mi nikataka tuzimalize zote ndani ya mwaka, tukawa tunakimbia tu kama tuna mtihani. Kosa lile lilikua langu maana ratiba niliipanga mwenyewe, kwahiyo ndo kitu cha kwanza tulichobadilisha.

Mwaka huu tumesoma vipande vifupi, ukurasa mmoja haukuzidi, kinasomwa kwa sauti mara mbili na watu wawili tofauti halafu kila mtu anasema jambo moja la wiki yake linalogusana na kile kipande. Mhadhara hamna.

Kilichotukamata zaidi ya vyote ni mazungumzo ya Budha na kijana Sigala. Yule kijana alikua anatoka alfajiri nguo na nywele zimelowa, anasujudia pande sita za dunia kwasababu baba yake alimwachia wosia afanye hivyo. Budha hakumwambia aache, alimwambia pande zenyewe ni watu: mashariki wazazi, kusini walimu, magharibi mke na watoto, kaskazini marafiki, chini watumishi na wafanyakazi, juu watawa. Tukafika kwenye upande wa chini, mwajiri ana mambo matano ya kufanya, ampe mtu kazi kwa kadiri ya nguvu zake, ampe chakula na ujira, amuuguze akiumwa, agawane nae vitamu, na ampe mapumziko. Pale kwenye vitamu ukumbi ulinyamaza. Mama mmoja akasema kwake dada wa kazi anapika pilau la Ijumaa lakini nyama anabakishiwa mifupa, na hajawahi kuliona kama ni jambo, ni vile alivyokuta kwa mama yake na yeye akaendelea. Aliongea taratibu macho yako chini kwenye karatasi. Wiki mbili baadae akatuambia siku hizi wanakula meza moja, mwanzoni yule binti alikua anakaa pembeni kabisa ya kiti kama anaetaka kuondoka. Mimi nimesoma mambo haya miaka mingi ila sikuwahi kuona andiko likiingia jikoni kwa mtu namna ile.

Jambo la pili ni zito kidogo. Mwenzetu mmoja alifiwa na mwanae, na ratiba ilikua inaonyesha wiki inayofuata tusome habari ya Kisa Gotami, yule mama aliezunguka na maiti ya mtoto wake akitafuta dawa, Budha akamwambia alete mbegu za haradali kutoka nyumba ambayo hajawahi kufa mtu. Nyumba kama hiyo hakuipata. Katibu aliuliza tuiondoe, mimi nikasema tusisome kitu, twende matanga. Tukaenda, tukakaa mkekani, tukaosha vyombo, hakuna aliefungua kitabu. Miezi ikapita, ni yeye mwenyewe alieiomba ile hadithi na akaisoma kwa sauti yake mpaka mwisho, tena alisimama pale kwenye kugonga milango, akasema nyie ndo mlikua milango yangu. Samahanini, hata kuandika hapa nashindwa kidogo.

Tulienda pia hekalu la Kibudha pale Upanga, Dar es Salaam, lile la Wasinhala, watu wa asili ya Sri Lanka, lililopo tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, tukakaa kimya nusu saa. Wengi hamkujua lipo ilhali mnapita njia ile kila siku! Naomba twende tena.

Pesa hazitoshi ila zinaenda. Michango imelipa fotokopi na chai, lakini mwenye ukumbi amepandisha kodi ghafla katikati ya mwaka na hiyo ilituumiza, mhazini atawasomea hesabu zote mkutanoni na mumuulize msione haya.

Mwakani napendekeza tuchukue mada ya riziki halali, yaani zile biashara tano Budha alizomkataza muumini wake: silaha, binadamu, nyama, vileo na sumu. Tunae mwenye bucha humu ndani na tunae mwenye grosari ya bia, wote wawili nimewafuata kwanza kuwauliza wamekubali, wamesema wao ndo wataanza kuongea. Kwahiyo Jumamosi ya kwanza ni zamu yao, tuwahi saa kumi kamili, na atakaeweza aje na vikombe maana vya kwetu vimebaki saba.